Kitenzi "see" cha Kiingereza: maswali yanayojirudia hapa Bagamoyo

Maswali haya yametoka kwa watu wa hapa hapa mjini: waongoza watalii wa Mji Mkongwe, vijana wa hotelini, wauza vinyago, wanafunzi wa sekondari, na wale wa pale kwenye mnada wa samaki ambao kila siku wazungu wanawapita na kamera shingoni. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo ruka moja kwa moja kwenye swali lako, na pale jambo lilipoelezwa kwingine utaelekezwa namba.

## Mwanzo mwanzo

1. "See" maana yake nini hasa?

Kuona kwa macho. Kitu kimepita mbele yako, jicho limekinasa, basi umekiona, hukufanya kazi yoyote. Umekaa barazani unakunywa kahawa, jahazi likapita kule mbele, "I saw a dhow". Hukulitafuta wala hukulikodolea macho, limekuja lenyewe. Hiyo ndo roho ya neno na ndo inayolitenga na "look at" na "watch" (swali la 6). Kutoka hapo zimezaliwa maana zingine, kuelewa, kukutana na mtu, kumsindikiza, kuhakikisha jambo limefanyika, zote zipo huko chini.

Sasa kinachotusumbua watu wa pwani mara nyingi sio "see" yenyewe, ni kuona kwetu. Kuona kwa kiswahili kumebeba mambo mengi mno, tunaona njaa, tunaona haya, tunaona bora tuondoke, na yote hayo Kiingereza hakiyaoni kwa macho. Ukishajua wapi kuona ni "see" na wapi sio, sehemu kubwa ya kazi umeimaliza.

2. Inabadilikaje kwa nyakati?

"See" kwa sasa, "saw" kwa jana, "seen" ikifuata "have" au "be". Mtu mmoja wa tatu anaongezewa s, "she sees". Hakuna "seed" ya kuona, "seed" ni mbegu. Na "seen" haisimami peke yake, lazima ishikwe mkono: "I have seen", "it was seen". Kwenye filamu utasikia mtu anasema "I seen him", na kweli kuna watu Marekani na Uingereza wanaongea hivyo majumbani kwao, lakini kwenye mtihani wa form four utakosa maksi kwa hiyo usiibebe.

3. "See" na "sea" zinatamkwaje, mbona nasikia kitu kimoja?

Unasikia sawa kabisa, ni sauti moja, "sii" ya kuvuta, na ndo hiyo hiyo ya herufi C. Tofauti unaipata kwenye sentensi tu. Vilevile "sees" inasikika kama "seize" yaani kukamata, na "seen" kama "scene".

Ya kuangalia ni "saw". Wengi wetu tunaitamka sawa na "so", lakini "so" mwishoni mdomo unajikusanya kama unaenda kwenye u, "saw" inabaki "soo" mpaka mwisho mdomo haujifungi. Halafu "saw" pia ni msumeno, kwa hiyo ukiwa na mgeni pale ufukweni mafundi wanapochonga mashua usishangae akisema "I saw a saw", hajakosea.

4. Kwa nini wanasema "I can see" wakati mi nataka kusema naona tu?

Hili linaulizwa sana. Kiswahili naona inatosha. Kiingereza, kwa kitu kilichopo machoni muda huu huu, mazoea yao ni "can": "I can see a dhow". Hiyo "can" hapo haimaanishi una uwezo wa pekee, ndo namna yao ya kusema naona. "I see a dhow" sio kosa, ila kwenye maongezi ya kawaida inasikika nzito kidogo, kama mtu anasimulia hadithi. Ambayo ni kosa ni "I am seeing a dhow", hiyo iache kabisa (sababu ipo swali la 14).

Kwa muongoza watalii hii ni sentensi ya kulia nayo ugali. "On your left you can see the Old Boma." "From here you can see the tower where Livingstone's body was kept in 1874." Ukisema "you are seeing the tower" mgeni ataelewa, ndio, ila Kiingereza chako kitakuwa kinachechemea siku nzima kwa sababu sentensi hiyo unaisema kila kona.

Na ukikataa pia ni "can't". Mgeni kakupigia yuko stendi, wewe uko stendi, hamuonani: "I can't see you, where are you standing?" Ukimwambia "I don't see you" haijaharibika, lakini "I don't see" mara nyingi inaenda upande wa kutoelewa au kutokubali, mfano "I don't see why", sioni kwa nini.

5. Nikisema "I have seen him yesterday" kuna kosa gani? Si nimemwona jana?

Kosa linatoka kwetu. Kwenye kiswahili cha mtaani tunasema nimemwona jana, nimemwona juzi, na wala hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali "have seen" ikae pamoja na muda uliokwisha na unaotajika, jana, juzi, mwaka 2019, saa mbili asubuhi. Ukitaja muda huo weka "saw": "I saw him yesterday".

"Have seen" ni ya pale muda hautajwi au bado haujaisha. "I have seen that film", nimeshaiona, lini haijalishi. "I haven't seen you for a long time", sijakuona siku nyingi, na mpaka hapo tulipoonana hizo siku zilikuwa zinaendelea. Ukikutana na Mmarekani atakuuliza "Did you see it yet?" na Muingereza "Have you seen it yet?", usichanganyikiwe, wote wanauliza kama umeshaiona.

## See, look, watch

6. Tofauti ya "see", "look at" na "watch" ni ipi?

Bahati nzuri sisi tunayo tayari kwenye lugha yetu, wazee walishasema mwenye macho haambiwi tazama. Kuona ni jicho, kutazama ni wewe mwenyewe umeamua. Kwa hiyo kuona ni "see", kutazama ni "look at", umeelekeza macho kwa makusudi. Ndo maana mtu anaweza kutazama asione: "I looked but I didn't see anything."

"Watch" ni kutazama kitu kinachoendelea, kinachosogea, ambacho unasubiri kitafanya nini. Nenda ufukweni saa ngalawa zinaporudi. Unatupa jicho baharini kutafuta, "I'm looking". Tanga moja limetokeza, "I can see one". Unakaa kwenye mchanga unaifuata kwa macho mpaka inashusha tanga na watu wanaanza kuteremsha samaki, "I'm watching them". Jicho ni lile lile na ngalawa ni ile ile, kilichobadilika ni wewe unafanya nini na jicho lako.

Usisahau "at". "Look me" haipo, ni "look at me".

7. Mgeni anaenda kuogelea ananiachia begi, anasema "watch my bag", nimtazamie begi?

Umlindie. "Watch" hapo ni ile angalia yetu ya angalia mtoto, angalia mzigo. Wewe ukitaka kumwomba mtu akuangalizie kitu sema "Could you watch my bag, please?" na sio "see my bag" wala "look at my bag", maana ukisema "look at my bag" atalitazama atasema zuri, ataondoka zake na begi litabaki peke yake.

Na hii nyingine naomba isomwe vizuri kwa sababu inahusu usalama wa watu. Bodaboda inakuja kasi kwenye kale kauchochoro ka Mji Mkongwe, wewe kwa kiswahili ungepiga kelele angalia! Kwa mgeni usipige kelele "Look!", maana "look" inamwambia ageuke atazame kuna kitu kizuri, atasimama hapo hapo katikati ya njia atafute ni nini. Sema "Watch out!" au "Careful!" na atapisha. Akiwa anakaribia kukanyaga ngazi mbovu kwenye nyumba za zamani ni "Watch your step".

8. Mpira na ngoma ni "see" au "watch"?

Kwenye TV ni "watch", hakuna mjadala. Umeenda kibanda umiza kucheki Simba na Yanga, "I watched the match". Umekata tiketi ukaenda uwanjani, zote mbili zinakubalika, "I saw the match" inabeba kwamba nilikuwepo, "I watched the match" inabeba kwamba niliifuatilia.

Maonyesho ya jukwaani ya watu wa kweli wanapenda "see". Mgeni aliyeenda TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwenye ngoma na sarakasi atasema "I saw a show at TaSUBa". Hapo hapo ukitaka kumpa historia, kilianza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, hilo jina la taasisi likaja 2007. Sinema ya kwenda ukumbini ni "see a film", ile ya kwenye simu au kompyuta kitandani ni "watch a film".

## Kuona ambako sio "see"

9. Naona baridi, naona njaa, naona aibu, nisemeje?

Ondoa "see" kabisa. Kiingereza hali za mwilini na moyoni zinaenda na "be" au "feel". Naona baridi ni "I'm cold", naona njaa "I'm hungry", naona kiu "I'm thirsty", naona usingizi "I'm sleepy", naona kizunguzungu "I feel dizzy", naona aibu "I'm embarrassed", naona wivu "I'm jealous". Naona raha, ile umekaa kwenye upepo wa bahari na madafu yako, ni "I'm enjoying myself".

Wanaosema nasikia baridi badala ya naona baridi nao dawa yao ni hiyo hiyo, wasiseme "I hear cold". Ukienda hospitali ukamkuta daktari mgeni hapa ndo pa kuwa makini kweli, maana "I see pain" inaweza kumfanya akuulize maswali ya macho wakati wewe unaumwa tumbo. Sema "I have a pain here" onyesha na mkono. Na dada ambaye hajaziona siku zake aseme "I missed my period" au "My period is late", hapo ataeleweka mara moja.

10. Naona mvua itanyesha, naona tuondoke, hizi je?

Hayo ni mawazo yako, kwa hiyo "I think". "I think it's going to rain." "I think we should go." Ukisema "I see it will rain" mtu anaweza kudhani umesoma utabiri wa hali ya hewa mahali.

Ila kuna pembe ambapo "see" ya maoni ipo, na imekaa karibu sana na kuona kwetu: "As I see it", kwa ninavyoona mimi. "I see it differently", mi naliona tofauti. "They see him as a brother", wanamwona kama kaka. "I can't see him agreeing", simuoni akikubali. Hizi chukua kama zilivyo.

11. Inaonekana, anaonekana, haonekani?

Hapa kuna matatu tofauti na tunayaweka kapu moja. Anaonekana amechoka ni "He looks tired", sio "He is seen tired". Inaonekana hawaji leo ni "It seems they're not coming today" au "It looks like they're not coming". Kwa hisia na dalili ni "look" na "seem".

La pili ni la mahali. Magofu ya Kaole hayaonekani kutoka hapa: "You can't see the Kaole ruins from here". Angalia hapo, sisi tumesema magofu hayaonekani, wao wanamweka mtu mbele, "you can't see". Kwa kuonekana ya mahali tumia "you can see" na "you can't see" utaenda vizuri mara zote.

La tatu, haonekani siku hizi, yaani kaadimika: "I haven't seen him around lately."

12. Utaona! Utakiona! Naweza kusema "You will see"?

Unaweza, ila ukali utapungua. "You'll see" kwa Kiingereza mara nyingi ni ya upole, ngoja utaona nilikuwa nasema kweli, au ngoja kuna zawadi nzuri inakuja. Vitisho vya kwetu, utanitambua, utakiona cha mtema kuni, vinakwenda kwenye "You'll be sorry" au "You'll pay for this". Na "wait and see" pia sio tishio, ni tusubiri tuone. Mgeni akikwambia "we'll wait and see" kuhusu safari ya kesho ya boti hajakugombeza, hajaamua tu.

## Kuonana na watu

13. "Nice to meet you" au "Nice to see you"?

Mara ya kwanza maishani "meet". Kuanzia mara ya pili "see". Ndo hivyo tu, lakini linakosewa kila siku pale mapokezi hotelini. Mgeni aliyekuja mwaka jana akarudi mwaka huu, ukimwambia "Nice to meet you" umemwambia humkumbuki, na watu wanarudi Bagamoyo kwa sababu walikumbukwa. Mwambie "Nice to see you again", hiyo "again" inamfanya ajisikie yuko kwao.

14. Nimesikia "I'm seeing someone", si mlisema "seeing" haitumiki?

Haitumiki kwa kuona kwa macho. Jicho halina kuendelea, ukiona umeona, ndo maana "I am seeing a dhow" inakataliwa. Lakini maana ikihama, "seeing" inaruhusiwa. "I'm seeing someone" ni nina mtu wangu, niko kwenye mahusiano. Hii dada wa hotelini anatakiwa aijue kwa moyo, ni njia ya heshima ya kumkatisha mgeni anayeleta mambo.

"I'm seeing the doctor tomorrow" ni nina miadi ya kumuona daktari kesho. Sasa "I'm seeing a doctor" bila siku wala saa ina sura mbili, natibiwa, au mpenzi wangu ni daktari, kwa hiyo taja siku. Na "he's seeing things" ni anaona mauzauza, yaani vitu visivyokuwepo.

15. Kwenda kumuona mgonjwa, na "See you"?

Kumuona daktari ni "see a doctor", hapo tumelingana kabisa. Kwenda kumuona au kumtazama mgonjwa ni "visit": "I'm going to visit my aunt in hospital". Ukisema "see a patient" umejifanya daktari wewe, maana madaktari ndo "see patients".

"See you", "See you later", "See you tomorrow" ni kuagana, kama tutaonana. "Later" haina ahadi, usimsubiri mpaka jioni kwa sababu alisema "later". Kama kweli mna miadi mtaje saa. Wageni wa kijerumani wakati mwingine wanasema "We see us tomorrow", hiyo ni lugha yao wameigeuza neno kwa neno, usiiige.

## Grama inayosumbua

16. "I saw him buy" na "I saw him buying", ipi sahihi?

Zote, ila hazisemi kitu kimoja. Chukua mnada wa samaki. Ulikuwepo tangu dalali anaanza kutaja bei, jamaa akapandisha, akashinda, akatoa hela, akabeba ndoo yake ya kibua. Umeiona shughuli nzima mpaka mwisho: "I saw him buy the fish." Wewe mwingine ulikuwa unapita tu na baiskeli, ukamkuta anabishana bei, ukaendelea na safari zako, hujui alinunua au aliacha: "I saw him buying fish." Sisi tungesema nilimwona akinunua kwa zote mbili na mtu angejua kutokana na maelezo.

Kwa nini iwe muhimu? Kwa sababu ya ushahidi. Ukitoa maelezo kwamba "I saw him take the phone" umesema ulimuona anachukua mpaka akawa nayo. "I saw him taking the phone" ni ulimkuta katikati ya kuichukua, mwisho wake hukuuona. Mtu anaweza kupata shida kubwa kwa herufi tatu, kwa hiyo kama hukuona mwisho wake usiseme kama uliuona.

Na ukiona matokeo tu, nilimkuta ameshanunua, usilazimishe "saw him". Sema "I saw that he had bought fish", uliona kwamba, ndoo ilikuwa imejaa.

Baada ya "saw him" kitenzi kinabaki mtupu, bila "to" na bila s. "I saw him to buy" hapana, "I saw him buys" hapana.

17. Mbona kwenye kutendwa "to" inarudi?

Ndivyo sheria ilivyo. "They saw him enter" ikigeuzwa inakuwa "He was seen to enter". Walimu wa sekondari wanaipenda hii kwenye zile sentensi za kuandika upya. Kwenye maongezi watu wanapendelea "He was seen entering", na hiyo haina "to". Ya kwanza utaikuta zaidi kwenye maandishi ya kipolisi na ya magazeti.

## Misemo

18. "I see" ni naona au naelewa?

Naelewa, ahaa, kumbe. Mgeni akikwambia "I see" baada ya maelezo yako marefu kuhusu misafara ya pembe na watumwa kutoka bara, hajaona kitu, ameelewa. Sikiliza sauti lakini. "Oh, I see!" iliyopanda ni ya mtu amefurahi kuelewa. "I see." fupi na ya chini inaweza kuwa hajaridhika, mara nyingi umemtajia bei.

"You see" mwanzoni mwa sentensi ni ile unaona bwana ya kuanzia maelezo, tumia kidogo kidogo. "See?" ya mwishoni ina harufu ya si nilikwambia, kwa mkubwa au mteja iache.

19. "See off", "see to", "see through", nichanganue vipi?

Usichanganue, zimeze nzima. "See someone off" ni kumsindikiza anayesafiri, kama tunavyokwenda mpaka stendi na mtu. "See someone home" kumsindikiza mpaka kwake. "See to it" kulishughulikia jambo: bosi akisema "See to it that the rooms are ready" anataka vyumba viwe tayari, sio uende ukavitazame urudi. "See about" ni kuulizia au kufuatilia, "I'll see about the boat".

"See through" ni mbili. "I saw through him", nilimshtukia, nikaujua ujanja wake. "I'll see it through", nitaishikilia mpaka mwisho. Halafu kuna nguo "see-through", nguo inayoonyesha mwili, neno la kulijua ukitaka kumshauri mgeni taratibu kuhusu mavazi kabla hamjapita mbele ya msikiti. "We don't see eye to eye" ni hatuelewani, haina uhusiano na kuonana ana kwa ana.

## Maswali ya pembeni

20. Mwezi umeandama, nimwambieje mgeni?

"The moon has been sighted." Hapa "sighted" ndo neno lililozoeleka, linabeba ule uzito wa watu kutoka nje kuutafuta mwezi na taarifa kutangazwa. "We saw the moon" inasikika kama mlikuwa mnapiga stori ufukweni mkauona. Ukimweleza kwa nini leo maduka yamefungwa: "The moon was sighted last night, so today is Eid."

21. Ni sawa kumwambia mtu asiyeona "See you tomorrow"?

Sawa kabisa. Wasioona wenyewe wanaitumia kwa Kiingereza, kama tu kwa kiswahili tunavyomwambia tutaonana kesho na anajibu inshallah. Ukianza kuikwepa na kutafuta maneno mengine ndo unamfanya ajisikie ametengwa. Kinachosaidia ni kwenye maelekezo: "over there" haimsaidii, "you can see it on your left" haimsaidii, mwambie hatua ngapi, mkono upi, kuna ngazi au hakuna, na kama mnapita kwenye magofu mwache aguse ukuta wa mawe ya matumbawe kwa mkono wake.

22. Kwenye simu imeandika "Seen", ina maana amesoma?

Ina maana meseji imefunguliwa. Ni "has been seen" iliyofupishwa, kama zile tiki za bluu. Kasoma mpaka mwisho au katupia jicho, simu haijui. Ukitaka kuuliza ni "Did you see my message?" na adabu zaidi "I just wanted to check if you saw my message".

23. "Overlook" na "oversee" zinafanana?

Hapana, na kwenye barua ya kazi kosa hili linauma. "Oversee" ni kusimamia: "I oversaw the kitchen staff", niliwasimamia watu wa jikoni. "Overlook" ukiwaweka watu ni kuwapita bila kuwajali, yaani umejisema vibaya mwenyewe. Ila nyumba ndo inaruhusiwa: "a room overlooking the ocean", chumba kinachotazama bahari.

24. Nikiwa pale misheni nilikuta neno "Holy See". Ni kuona kutakatifu?

Sio kuona kabisa. Hii "see" ni neno jingine lililofanana kwa sura, linatoka kwenye kilatini "sedes", kiti. "Holy See" ni kiti cha Papa, yaani mamlaka yake kule Roma. Kila askofu naye kwa Kiingereza ana "see" yake, kwa maana ya makao na jimbo lake. Pale misheni ambapo mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 wageni wengi wanauliza habari za kanisa, kwa hiyo ukilikuta hilo neno kwenye kibao au kitabu tafsiri kiti, usitafsiri jicho.